Nani Alimtoa Oundo Majini?

Benchi letu tunaliita Ubao, na ni ubao kweli: ubavu wa lori lililopinduka zamani karibu na lango la mpaka, mtu akauokota, akauwekea matofali, watu wakakaa. Uko Busia ya Uganda, kwenye veranda ya duka la magodoro. Ukikaa mwisho wa kushoto unaona foleni ya malori yanayokwenda Kenya, ukikaa mwisho wa kulia unaona foleni ya yanayotoka Kenya, na pande zote mbili hakuna linalosogea. Kahawa ni ya Metrine, anayevuka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya na birika lake, jiko lake na mdomo wake. Wenye Ubao ni watatu. Mzee Obbo wa Kwapa tunamwita Katekista, kwa sababu aliwahi kufundisha katekisimu msimu mmoja, mpaka padri alipokuja kusikiliza. Chrispinus, Mkenya, fundi wa simu, tunamwita Jina Moja, maana kanisa lake hubatiza kwa jina la Yesu peke yake, na hakuachi unywe kahawa kabla hajakueleza kwa nini. Wa tatu ni Edimu, tunamwita Forodha. Hana ofisi wala sare, ila amezunguka na madereva na makaratasi yao hadi kila kitu duniani anakiona ni mzigo unaongoja kupita. Mimi hununua kahawa, nikakaa pembeni, nikasikiliza, na aghalabu hurudi nyumbani mjinga kuliko nilivyokuja.

Jumatano hiyo walikuwa na kesi. Katikati yao walimketisha Oundo, mchuuzi anayeleta samaki kutoka Majanji kwa baiskeli, kijana mpole, mwenye kukohoa kohoa tangu amekaa. Jumamosi ilikuwa harusi yake na Resty, binti wa Lumino.

Katekista: Sema tena, mwanangu. Pole pole. Hii jambo inataka kichwa.

Oundo: Mzee, nimesema mara tatu.

Katekista: Tatu ni namba nzuri. Sema.

Oundo: Jumapili, Pasta Okanya alinipeleka mto Sio, anibatize ndiyo nioe Resty. Yeye anaingiza mtu mara tatu. Moja ya Baba, moja ya Mwana, moja ya Roho. Akaniingiza ya Baba. Akaniingiza ya Mwana. Kabla ya Roho, mguu yangu ikateleza kwa matope. Maji ikanibeba.

Chrispinus: Ikakubeba ikakuleta kwetu!

Oundo: Ndiyo. Kanisa yao pia ilikuwa inabatiza, ng'ambo ya Kenya. Askofu Odhiambo amesimama kwa maji, amefunga macho, anaomba, mkono amenyoosha anangoja mtu. Akasikia kichwa. Akashika. Akasema, "Kwa jina la Yesu!" Akaniingiza.

Metrine: Na hakufungua macho?

Chrispinus: Metrine, mtu akiwa ndani ya Roho hafungui macho ovyo ovyo.

Metrine: Sawa. Hata mimi nikifunga macho nitauzia mtu maji ya kuosha vikombe.

Oundo akakohoa. Katekista akamwonyesha kiganja, maana yake asikatize watu.

Yaliyofuata mtoni watu wa pande zote mbili wanayajua, ingawa kila upande unayajua kivyake. Pasta Okanya alipiga kelele kwamba ameibiwa muumini. Askofu Odhiambo alifungua macho, akaona ameshika mtu asiye wake, akamwachia ili apate mkono wa kumnyooshea Okanya kidole. Hapo wachungaji wawili, wamesimama ndani ya maji ya nchi mbili, wakaanza kuulizana Mungu ni nani. Kwaya ya Uganda ikaimba kumsaidia Okanya. Kwaya ya Kenya ikapiga ngoma kumsaidia Odhiambo. Katekista alikuwa ukingo wa huku, Chrispinus ukingo wa kule, Edimu juu ya kichuguu ambako aliona wote vizuri. Na Oundo alikuwa chini ya maji.

Oundo: Halafu mtu akanitoa. Huko chini, kwa majani. Sikuona ni nani, macho ilikuwa na matope. Sasa Pasta amesema, ubatizo inaisha pale unatolewa kwa maji. Ile mtu ilikutoa, ndiyo ilikubatiza. Okanya anasema ni yeye alinitoa. Odhiambo anasema ni yeye. Na babake Resty amesema hawezi kupatia binti yake mtu haijulikani ni wa kanisa gani. Nisipokuwa na jibu mpaka Ijumaa, harusi hakuna.

Edimu: Mpigie Resty. Uliza yeye anataka nini.

Oundo: Simu yangu imebaki mtoni. Na yeye ako Majanji kwa shangazi, bibi arusi haonekani wiki ya mwisho.

Edimu: Jina Moja ana laini tatu hapa. Chrispinus, patia yeye simu.

Chrispinus: Laini ziko tatu. Kredo ya kupiga hakuna.

Oundo: Wacha tu. Hata nikimpata, nitamwambia nini? Jibu bado sina.

Akakohoa tena, safari hii akainama hadi kofia ikamwanguka. Metrine aliiokota, akamvika. Wenye Ubao walikuwa wameshaingia kwenye hoja.

Katekista: Mimi nasema hii mtoto amebaki na deni ya Roho. Amepata Baba, amepata Mwana. Haba na haba hujaza kibaba. Okanya amwingize mara moja, ya Roho peke yake, mambo imeisha.

Chrispinus: Mzee, unataka abatizwe kwa awamu, kama kujenga choo? Mungu ni mmoja, jina ni moja. Odhiambo akisema "Yesu," Baba yumo, Roho yumo. Angalia hii simu. Laini moja ya Kenya, moja ya Uganda, moja ile ya zamani siwezi kuitupa. Ukipigia ya Kenya, nani anashika? Mimi. Ukipigia ya Uganda?

Katekista: Wewe.

Chrispinus: Sasa kwani sisi ni akina Chrispinus watatu?

Katekista: Nauliza kitu ndogo. Yesu alipokuwa katika bustani anaomba Baba yake, alipigia nani?

Chrispinus akashika kikombe bila kunywa.

Katekista: Alijipigia mwenyewe?

Metrine: Angeambiwa mteja hapatikani.

Chrispinus: Nyinyi hamuelewi teknolojia. Hiyo ilikuwa... mwanadamu wake alikuwa anapigia uungu wake. Ni kama mtu anajiongelesha akiendesha baiskeli.

Oundo: Mimi hujiongelesha.

Chrispinus: Umeona? Na uko mmoja.

Katekista: Wewe Chrispinus unafanya Mungu kuwa mtu mpweke wa kuongea na baiskeli. Mimi sikubali. Kidole kimoja hakivunji chawa!

Chrispinus: Na mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu!

Katekista: Angalia jiko. Kwetu Kwapa tunapikia kwa mafiga matatu. Ukiondoa moja, sufuria inaanguka. Lakini ugali ni moja.

Chrispinus: Angalia jiko la Metrine, hili la makaa. Ni moja. Hizo ncha tatu za juu ni za jiko hilo hilo!

Wote wawili wakainama kuchungulia. Katekista akanyoosha kidole kugusa ncha aliyodhani ni ya Roho Mtakatifu, akaungua, akakibana kwapani kimya kimya.

Metrine: Jiko langu liacheni. Mimi ni wa kahawa.

Edimu alikuwa amengoja kwa heshima, kama wakala anayengoja kuitwa dirishani. Sasa akavuta suruali magotini, dalili kwamba anatoa yake.

Edimu: Nyinyi mnapotea kwa sababu hamujui kazi ya mpaka. Zamani hapa ulikuwa unagongewa muhuri Uganda, unatembea, unagongewa Kenya. Leo ni jengo moja. Unaingia mara moja. Ofisa wa Uganda na wa Kenya wamekaa pamoja, unapita mara moja, kazi ni moja.

Katekista: Hao ni wawili. Wa tatu ako wapi?

Edimu: Wa tatu ni ule ako ndani kwa kompyuta. Hamuoni. Hujui anatoka wapi, hujui anaenda wapi. Lakini yeye akikataa, lori hailali Kenya.

Lazima niseme ukweli, hapo Katekista aliitikia kwa kichwa. Hata mimi niliona jambo. Lakini Edimu ni mtu asiyejua kushuka akishapanda.

Edimu: Sasa Oundo ni mzigo wa kupitia tu. Amelipiwa theluthi mbili Uganda, amefika Kenya bila makaratasi, Odhiambo amemfungua bila kibali. Kwa sheria, huyu harudi Uganda. Arudishwe katikati ya mto, aanze upya. Na kama ni theluthi mbili, basi hata ndoa ni theluthi mbili. Yeye na Resty wanaweza kupika pamoja, wanaweza kulima pamoja...

Metrine: Edimu!

Edimu: Nimesema kulima.

Oundo: Mzee Edimu, mimi nataka kuoa. Sitaki kufunguliwa.

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akajipiga kifua kwa ngumi kama mtu anayetaka kuamsha redio mbovu. Mtu yeyote mwenye macho angeona kijana amekauka midomo. Lakini Katekista alikuwa ameona kitu kikubwa zaidi.

Katekista: Ngoja! Pasta amesema aliyekutoa ndiye alikubatiza. Sasa Oundo, fikiria vizuri. Ulipotolewa, ulisikia nini katika mwili? Mkono ilikuwa ngapi?

Oundo akafikiri.

Oundo: Tatu.

Katekista alisimama. Kahawa yake ilimmwagikia suruali na hakujali.

Katekista: Tatu!

Oundo: Ya kwanza ilishika shati, shati ikapasuka. Ya pili ilishika sikio. Hii hapa, bado inauma. Ya tatu ilishika mshipi, ndiyo ikanivuta nje.

Katekista: Mikono mitatu! Wokovu mmoja! Mkono mmoja haulei mwana! Kesi imeisha. Oundo amebatizwa na Utatu wenyewe, bila pasta.

Chrispinus: Mzee, keti. Mkono ni mmoja! Umeshika shati, umeachilia, umeshika sikio, umeachilia, umeshika mshipi. Mkono mmoja, kazi tatu. Hiyo ndiyo nimekuwa nikisema tangu jogoo awike!

Katekista: Mkono gani inashika sikio kama ilikuwa kwa shati?

Chrispinus: Mkono wa mtu mwenye akili!

Edimu: Au ni wawili, na mmoja alirudia. Kama ofisa anagonga muhuri, wino inakataa.

Katekista: Oundo, hiyo ya sikio ilikuwa ya kushoto ama ya kulia?

Oundo: Mzee, nilikuwa nakufa.

Katekista: Najua, lakini ilikuwa ya kushoto ama ya kulia?

Hapo walimsimamisha Oundo mbele ya Ubao. Chrispinus akamkamata shati kwa mkono mmoja, akaruka kwenye sikio, akaruka kwenye mshipi, kuonyesha inawezekana. Katekista akasema ni haraka mno, mto hauna haraka hivyo. Akamwita Edimu, akanishika na mimi bega, tukawa watatu, tukamkamata pamoja: mimi shati, Edimu mshipi, yeye sikio lile lile bovu. Oundo akapiga yowe, na kipande cha shati kikabaki mkononi mwangu. Madereva wakashuka kwenye malori kuangalia, wengine wakidhani amekamatwa mwizi. Katekista akawaambia, hapana, ni mambo ya Mungu.

Ndipo mama mmoja akasimama mbele yetu. Mwanamke wa makamo, kitenge kimefungwa juu kwa ajili ya kazi, kichwani amebeba trei tupu za mayai zimepangana. Alimtazama Oundo, akazunguka nyuma yake, akamtazama sikio.

Mama: Ni wewe wa sikio?

Tukamwachia Oundo wote kwa pamoja.

Oundo: Mama... unanijua?

Mama: Kukujua sikujui. Mimi ni Winfred, wa ng'ambo. Jumapili nilikuwa nikipita mtoni na mayai yangu, pale chini kwa majani, mahali... aah, mahali watu hupita.

Sote tulijua watu hupita wapi, na kwa nini hawapiti langoni. Edimu akatazama pembeni kwa adabu.

Winfred: Nikaona shati linaelea, nikasema nguo ya bure. Kulishika, kuna mtu ndani. Likapasuka. Nikashika sikio, linateleza kama sabuni. Ndio nikashika mshipi, nikavuta.

Chrispinus: Mmoja! Mama mmoja! Mara tatu! Bwana asifiwe, naenda kumwambia Askofu!

Katekista: Ngoja, ngoja. Mama, ulikuwa peke yako?

Winfred: Nilikuwa na wenzangu wawili.

Katekista: Watatu!

Winfred: Walikuwa wameshika mayai.

Katekista: Haidhuru! Mlikuja pamoja, mlikuwa na nia moja. Mmoja anaokoa, wawili wanashika mayai. Hata katika Utatu kazi ni tofauti!

Chrispinus: Mzee, usimweke Mungu kwenye trei. Mama, wakati ulimtoa, ulitaja jina gani? Sema ukweli. Harusi ya mtu iko hapo.

Hata Oundo akainua uso. Malori nayo yalikuwa yamezima injini.

Winfred: Nilisema, "Wewe, usife hapa, utaniletea polisi."

Metrine alicheka hadi akashika ukuta. Katekista alirudia maneno hayo polepole, akitafuta ndani yake Baba, akitafuta Mwana. Chrispinus alihesabu kwa vidole kama kuna jina. Edimu akasema kwamba kisheria, basi, Oundo amebatizwa kwa jina la polisi, na hiyo ni serikali, tena haijulikani ya nchi gani.

Katekista: Mama, utakuja kwa Pasta Okanya? Useme haya mbele yake?

Winfred: Mimi? Niulizwe nilikuwa napita wapi na mayai? Hapana, mzee wangu. Kwanza nyinyi watu ni kina nani? Na huyu mnamvuta sikio kwa nini?

Oundo akataka kumweleza, kikohozi kikamkaba. Kilikuwa kirefu, cha chini, kikohozi chenye maji ndani. Alishika magoti. Winfred akatua trei zake juu ya Ubao, akamwekea kiganja mgongoni, akangoja kiishe.

Winfred: Pole, baba. Hicho kifua umekitibu? Yale maji yalikutoka yote?

Oundo akanyoosha mgongo. Akatutazama mmoja mmoja, si kwa hasira. Nadhani hasira ingekuwa afadhali.

Oundo: Hakuna mtu ameniuliza hiyo, mama.

Winfred akatugeukia.

Winfred: Tangu Jumapili?

Katekista, mwenye methali ya kila kitu, aliangalia ndani ya kikombe. Chrispinus akageuza geuza ile simu yake. Mimi nilikuwa bado nimeshika kipande cha shati la Oundo, nikakosa pa kukiweka.

Winfred: Wachungaji wote hao? Kwaya zote hizo? Nyinyi? Kuanzia Jumapili hadi leo?

Lori moja likawaka, likasogea kidogo, likazima.

Winfred: Una mke?

Oundo: Jumamosi. Kama Mungu akipenda. Kama wao wakikubali.

Winfred: Namba yake unaijua?

Alimpa simu yake, simu ndogo ya vibonyezo iliyofungwa kwa raba, ya kusikika na mtaa mzima. Oundo akabonyeza namba kwa kichwa. Ikaita. Shangazi akapokea, akasema bibi arusi haongei na watu wiki hii. Oundo akasema ni yeye. Tukasikia vurugu kidogo upande wa pili, mtu akimnyang'anya mtu simu.

"Oundo? Ni wewe? Mbona simu yako imekufa? Wanasema ulimeza maji. Kifua iko namna gani?"

Oundo alifunika macho kwa mkono. Mabega yakaanza kumtetemeka, na sisi wanaume wazima, mabingwa wa Mungu mmoja na Mungu watatu, tukajifanya tunaangalia foleni.

"Inauma, Resty. Niliogopa sana."

"Enda hospitali sasa. Hiyo ya pasta wacha."

"Babako amesema harusi..."

"Nitaongea na baba. Waseme wanataka mara moja, sawa. Waseme mara tatu, sawa. Watakuingiza tena. Lakini mimi nitaingia nawe kwa maji. Nitashika mkono yako, na sitaachilia, hata askofu agombane na nani."

Simu ikakata, kredo ya Winfred nayo ilikuwa imefika mwisho. Oundo akairudisha kwa mikono miwili, kama anayerudisha kitu cha kanisani.

Wa kwanza kusogea alikuwa Edimu. Hakusema mzigo, hakusema kibali. Alichukua baiskeli ya Oundo ukutani, akafuta kiti kwa kiganja.

Edimu: Kaa nyuma. Nitaendesha mimi.

Winfred akapandisha trei zake kichwani, akafuata njia yake, ambayo hatukuitazama. Oundo akakaa kwenye keria ya samaki, na Edimu, ambaye sijawahi kumwona akitoka jasho kwa ajili ya mtu, akaanza kupiga pedali kati ya malori kuelekea kituo cha afya.

Chrispinus alishusha pumzi. Katekista akaketi tena, akanyoosha kikombe.

Katekista: Niongeze kidogo. Maana hapo bado kuna swali. Huyo Resty amesema "mkono," hakusema...

Metrine aliinua birika, akaligeuza juu chini mbele ya uso wake. Halikutoka hata tone. Akamnyang'anya kikombe, akakitumbukiza kwenye ndoo.

Metrine: Imeisha, mzee.

Katekista alikaa kidogo na mikono mitupu. Kisha akainuka, akatoka verandani, akasimama barabarani na suruali yake yenye kahawa, akaweka viganja mdomoni.

Katekista: Oundo! Oundo, mwanangu! Kifua iko namna gani?

Baiskeli ilikuwa imeshafika mbali, kwenye kona ya magari ya mizigo. Hatukusikia jibu. Tulisikia kikohozi tu, kisha tukaona mkono mmoja ukiinuliwa juu ya malori.